Pombe ya Kawajense inashindwa na chupa, siyo na ladha

Msomaji wa ukurasa huu amezoea tunavyoanza: bei ya gunia la mahindi, mchele wa Majimoto, asali ya Inyonga, karanga, na kuendelea hadi chini. Wiki hii naomba radhi. Nataka kuzungumzia bidhaa ambayo haijawahi kupata hata mstari mmoja katika jedwali letu la bei, ingawa sehemu ya mahindi na ulezi wa mkoa huu huishia humo. Nazungumzia pombe ya kienyeji.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kawajense, katika kilabu nilichokifahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Wakati ule mabenchi yalijaa pande zote nne, na mtu akichelewa kufika saa kumi jioni alikalia ndoo iliyogeuzwa. Safari hii nilihesabu wateja tisa, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alinizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini. Ng'ambo ya barabara kuna grosari yenye friji la kioo na muziki, na huko ndiko waliko vijana, kila mmoja na chupa yake, wengine chupa moja wakiinywa kwa saa mbili ili ionekane mezani.

Nilimsalimu mwenye kilabu. “Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kunywa au kuandika?”

Nikamwambia nimekuja kuandika.

“Basi andika kwamba ndoo tatu za juzi wamekunywa nguruwe.”

Wengi tukisikia habari ya namna hiyo huwa tunatoa sababu moja ya haraka, kwamba watu wameendelea na ladha zimebadilika. Mimi sikubaliani. Nilikaa na mama yule mpaka taa zikawashwa, nikafanya hesabu ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara angeifanya, na hesabu hiyo haisemi chochote kuhusu ladha.

Niliiandika nyuma ya bahasha, kwa kuwa yeye mwenyewe haiandiki popote. Kwa mpiko mmoja hutumia debe mbili za mahindi na debe moja ya ulezi. Ulezi huuloweka, huuvumbika mpaka uchipue, huuanika na kuusaga ukawa kimea. Mahindi husagwa, hupikwa uji mzito kwa kuni za kununua, kisha kimea huingia na pipa hufunikwa. Tangu kuloweka hadi kuchuja ni kama wiki nzima. Mpiko huo humpa ndoo nane za lita 20. Ndoo tano za kwanza hurudisha fedha ya nafaka, mashine ya kusaga, kuni, maji na ushuru. Faida imo katika ndoo tatu za mwisho. Jasho lake na la binti yake hakulitaja, nami nilipouliza linahesabiwa wapi alicheka tu.

Sasa pombe hii hailali. Ikichujwa leo asubuhi, jioni ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa imechacha na mnywaji anaitema. Zamani ndoo nane ziliisha siku hiyohiyo na suala la kuchacha halikuwepo. Wateja wakipungua kwa theluthi moja, mtu asiyejua biashara atasema mapato yamepungua kwa theluthi. Sivyo. Nane ukitoa theluthi inabaki tano na kidogo, na tano ndiyo mtaji. Kilichomwagwa kwa nguruwe ni faida yote. Apike kidogo basi? Kuni za kuchemsha nusu pipa hazipungui nusu, kodi ya banda haipungui kabisa, na binti anayekaa kuchuja anakaa muda uleule.

Ng'ambo ya barabara, chupa isiyouzwa leo kesho bei yake ni ileile, na mwezi ujao pia. Mwenye grosari anaweza kukosea makadirio yake kila siku ya wiki bila kupoteza hata senti, isipokuwa ile ya kuchelewa kurudisha mtaji. Huu ndio ushindani wenyewe. Bidhaa inayosubiri mteja inashindana na bidhaa inayotaka mteja aje leo.

Kwa miaka mingi umbali uliilinda pombe ya Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa enzi ya mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi, ndiyo iliyokuwa njia ya uhakika wakati wa masika, na wazee wanakumbuka miaka ya 1980 ambapo bia ilikuwa ya kutafutwa hata Dar es Salaam, sembuse huku. Mwaka 1993 serikali ikauza nusu ya Kampuni ya Bia Tanzania kwa Waafrika Kusini. Uhaba ukaisha, nembo zikaongezeka, na mwaka 2009 kiwanda cha Mbeya kikafunguliwa. Hata hivyo Mbeya ni zaidi ya kilometa 500 kutoka hapa, na mji uliowashwa kwa majenereta ya dizeli haukuwa mahali pa kutegemea bia ya baridi. Leo lami imefika kutoka Tabora. Kreti linalofika kwa lami halivunjiki chupa na halilali njiani siku tatu.

Wakati huohuo soko lenyewe limekua kwa kiasi ambacho sijui kama wafanyabiashara wetu wamekitafakari. Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule Katavi ilipotengwa na Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Kwa hesabu ya kawaida, bidhaa yoyote ya bei nafuu katika mkoa ulioongezeka watu mara mbili ndani ya miaka kumi ingepaswa kustawi, na Kawajense ingekuwa na mabenchi mawili mahali pa moja. Kuna wahamiaji kutoka Kanda ya Ziwa, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo ambao asili yao ni Burundi, nchi yenye utaalamu mkubwa wa pombe za ndizi na mtama. Wateja wapo. Wanapita mbele ya kilabu kwenda ng'ambo.

Kuna sababu moja ambayo haitajwi sana. Pombe nyingi za vijijini hazikuwa bidhaa ya dukani bali zilikuwa mshahara. Mtu akitaka shamba lake lilimwe alipika pombe, majirani wakaja na majembe, kazi ikaisha mchana, jioni ikawa ya kunywa. Wasukuma walipoingia na plau za ng'ombe, na fedha ya tumbaku ilipozoeleka kama malipo, kazi ya namna ile ilipungua. Mpishi akapoteza mnunuzi wake wa jumla, maana mwenye shamba alikuwa anachukua pipa zima. Aliyebaki ni mnywaji wa kopo moja moja, na huyo ndiye friji linamvuta.

Halafu kuna heshima. Kamati ya harusi hapa mjini ikikaa, makreti yanahesabiwa kabla ya kuhesabu ng'ombe, na anayependekeza pombe ya kienyeji huonekana anataka kumwaibisha bwana harusi. Sina dawa ya hilo. Nasema tu kwamba heshima hufuata chombo zaidi ya kinywaji. Togwa ikiwekwa kwenye chupa yenye lebo watu wale wale huinunua.

Msomaji anaweza kuuliza hasara iko wapi, kwa kuwa kunywa ni kunywa. Hasara ni ya fedha. Shilingi inayolipwa kwa mama wa Kawajense kesho yake iko kwa muuza ulezi wa soko la Buzogwe, kwa mwenye mashine ya kusaga, kwa muuza kuni, kwa mfuga nguruwe anayenunua machicha. Shilingi inayolipwa ng'ambo inaacha hapa faida ya mwenye grosari na ya msambazaji, na iliyobaki inapanda lori pamoja na chupa tupu. Nikisema hivi sina maana kiwanda kina kosa. Kiwanda kinalipa kodi, kinaajiri, kinapima kileo chake na kukiandika kwenye lebo. Nina maana kwamba mkoa unaouza mahindi mabichi na kununua bia unafanya biashara ileile ya pamba na kanga tuliyolaumu wakati wa mkoloni.

Wapishi wenyewe ni akina mama, karibu wote. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Ada yangu ya sekondari ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka kabla serikali haijaifuta mwanzoni mwa 2016, ilitoka kwenye ndoo zile za sita, saba na nane. Kwa hiyo nakiri sina macho ya mgeni katika jambo hili.

Chuoni, katika somo la masoko, tulisomeshwa habari ya bia ya pipa ya Waingereza, na wakati ule niliona ni habari ya mbali. Sasa naona ni Kawajense. Bia yao ya asili, yenye rangi ya chai ya rangi au nyeusi kabisa, hupelekwa baa ikiwa bado inachachuka ndani ya pipa. Mwenye baa huitunza katika chumba cha chini chenye ubaridi, na pipa likishatobolewa lina siku tatu hivi kabla halijaharibika. Kisha ikaja laga, iliyochujwa, yenye gesi, isiyodai utaalamu wowote kwa anayeiuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 laga ilikuwa na sehemu ndogo sana ya soko lao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imeshika karibu nusu. Baa yenye wateja wachache haimalizi pipa, pipa linachacha, mteja aliyepewa bia iliyochacha harudi, wateja wanazidi kupungua. Ni hesabu ya ndoo nane, tofauti ni chombo tu.

Waingereza walifanya mambo mawili. Mwaka 1971 vijana wanne walianzisha chama cha wanywaji, CAMRA, kutetea bia ya pipa, na chama hicho kikapata wanachama wengi na sauti kubwa. La pili ndilo linalonihusu kama mtu wa biashara. Mwaka 2002 serikali yao ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa kiwanda kidogo, na aliyetengeneza kisichozidi lita 500,000 kwa mwaka alilipa nusu ya kiwango cha wakubwa. Idadi ya viwanda vidogo ikaongezeka mara kadhaa. Agosti 2023 utaratibu huo ukapanuliwa hadi kwa watengenezaji wadogo wa vinywaji vingine vyenye kileo kisichofikia asilimia 8.5.

Lakini bia ya pipa yenyewe iliendelea kupungua. Wale wadogo waliopata nafuu ya kodi, wengi wao waliitumia kununua mitambo ya kujaza makopo na mapipa ya gesi. Wapenzi wa pipa walinung'unika, na ninawaelewa. Hata hivyo mtengenezaji mdogo alipona, shayiri ya jirani ikaendelea kununuliwa, na fedha ikabaki mjini kwao. Ukilazimika kuchagua kati ya chungu na mpishi, nadhani jibu liko wazi.

Hapa kwetu mpishi hana njia ya kuvuka. Akiwa na chungu, yuko chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, analipa leseni na ushuru wa halmashauri, anafungua na kufunga kwa saa zilizopangwa, basi. Siku atakapoiweka pombe ileile kwenye chupa yenye lebo, anahitaji usajili wa jina la biashara, kibali na alama ya TBS, jengo la uzalishaji lililotengwa na nyumba ya kulala, leseni ya ushuru wa bidhaa ya TRA, na stempu ya kodi ya kielektroniki juu ya kila chupa, utaratibu ulioanza mwaka 2019. Ukitazama moja moja, hakuna sharti baya hata moja hapo. Ninayekunywa nataka kujua nilichokunywa. Tatizo ni kwamba masharti yote humjia siku moja, kwa uzito uleule unaobebwa na kiwanda cha mamilioni ya lita.

Wala si kweli kwamba Hazina haiwezi kutofautisha. Mwaka 2021 Bunge lilipunguza ushuru wa bia inayotengenezwa kwa shayiri iliyolimwa na kuoteshwa nchini, kutoka shilingi 765 kwa lita hadi 620, kwa hoja kwamba mkulima wa ndani apate soko. Hoja nzuri. Ulezi wa Mpimbwe nao umelimwa nchini, na umeoteshwa kimea uani kwa mama. Uganda walionyesha njia nyingine mwaka 2002, pale kiwanda cha Nile kilipoanza kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama wa wakulima wadogo na serikali ikailegezea ushuru. Kenya walifanya kama hivyo kwa Senator mwaka 2004, kisha mwaka 2013 wakairudishia ushuru wa asilimia 50. Mauzo yakaporomoka na wakulima wa mtama wakabaki na magunia. Katika nchi zote mbili nafaka ya kienyeji ilipata soko pale kodi iliporuhusu, lakini mpishi wa uani hakuwemo. Kiwanda kikubwa kilichukua nafaka yake na kumwacha yeye na chungu.

Ninachopendekeza ni ngazi. Kiwango cha ushuru wa bidhaa kipande kadiri lita zinavyopanda, kuanzia karibu na sifuri kwa anayetengeneza lita elfu chache kwa mwaka. Na halmashauri, badala ya kungoja ushuru wa kilabu kinachokufa, ijenge jengo moja la kupikia lenye majiko banifu, maji safi na matangi yasiyoshika kutu, wapishi walikodi kwa zamu. Najua afisa maendeleo ya jamii akisikia mikopo ya akina mama itumike kupikia pombe atakunja uso. Wapo wasomaji pia ambao dini zao zinakataza, na siwaombi wabadili msimamo. Ila pombe inapikwa leo hii, katika mapipa yaliyowahi kubeba nini sijui, kwa kuni za misitu tunayosema tunailinda, na kileo chake hakijulikani hata kwa aliyeipika. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, aliyekuwa akinywa viroba hakuacha pombe. Alihamia chupa ndogo au gongo. Anayependa afya za watu angetaka pombe hafifu iliyopimwa iwe karibu yao.

Hoja ya chakula nayo naikubali nusu. Mwaka wa njaa mahindi yasipikwe pombe. Kwa sababu hiyo ningeanzia kwenye asali.

Mlele na Inyonga ni nchi ya nyuki tangu zamani za Wakonongo, na Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, mzaliwa wa mkoa huu, aliitangaza kazi ya nyuki kiasi cha watu kumtania. Kisichojulikana sana ni kwamba nta iliyosafirishwa nje kutoka Tabora na Mpanda enzi za Tanganyika kwa sehemu kubwa ilikuwa zao la pombe. Watu waliosha masega kupata maji matamu ya kupikia wanzuki, na masega yaliyobaki yakayeyushwa kuwa nta ya kuuza. Leo asali safi ina bei nzuri kuliko pombe, na sitamshauri mfugaji nyuki aichachushe. Lakini asali ya masega yaliyovunjika, iliyochanganyika na makinda, haikubaliki kwa mnunuzi wa daraja la kwanza. Hiyo ndiyo mali ya wanzuki. Haili mahindi ya mtu, haihitaji kuni nyingi, na ikichujwa vizuri na kufungwa hukaa miezi, hivyo ugonjwa wa ndoo tatu unapona wenyewe. Wanzuki unaouzwa sasa mjini Mpanda, kwa bahati mbaya, mara nyingi ni sukari na amira, na asali imepita karibu tu.

Nilipomweleza hayo mama wa Kawajense alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja. “Hiyo alama ya TBS, mwanangu, inauzwa wapi?”

Nikamwambia haiuzwi. Anaanza SIDO kupata barua ya utambulisho kama mjasiriamali mdogo, halafu wakaguzi wanakuja kuona anapopikia. Akageuka akatazama banda lake: pipa, moshi, kuku wawili wanaodonoa kimea juu ya mkeka.

“Waje baada ya masika,” akasema. “Sasa hivi paa linavuja.”